Mapigo ya Mabaka

Nilifika Shinyanga kwa sababu ya usingizi. Najua wastaafu wengine huanza kwa kusema waliitwa na taaluma. Mimi nilipitiliza kituo.

Nilikuwa natoka Chunya, nilikokaa miaka kadhaa nikichimba dhahabu ya watu wengine, na nilikuwa narudi kwetu Masumbwe kupumzika kidogo kabla ya kwenda kuchimba dhahabu ya watu wengine mahali pengine. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu tangu nimalize kidato cha nne. Nikiwa Geita naikumbuka Chunya, nikiwa Chunya naikumbuka Geita, na nikiwa nyumbani nazikumbuka zote mbili hadi mama ananiuliza kama nimekuja kumsalimia au kumsimulia.

Kutoka Chunya hadi Manyoni, kupitia Itigi, nilipanda lori la mbao. Springi ilikatika katikati ya pori la Rungwa, tukashinda pale tukila mihogo mibichi na kugombana na mbung'o. Manyoni nikahamia lori jingine lililotoka Dar es Salaam likiwa na betri za sola, viti vya ofisi na boksi moja pana lenye kioo cha kompyuta. Dereva aliniambia nauli yangu ni kulipakata lile boksi. Nikalipakata Singida, nikalipakata Igunga, nikalipakata Nzega. Tinde ndipo nilipotakiwa kushuka nitafute gari la Kahama, niendelee nyumbani. Tinde niliipita nimelala, kidevu juu ya boksi.

Nilizinduka Ibadakuli, si mbali na uwanja wa ndege, mbele ya nyumba ya zamani yenye baraza pana. Mama mmoja mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, kitenge kiunoni na raba za michezo miguuni, alikuwa anagonga mlango wa lori.

"Wewe! Usiliangushe hilo."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Usiliangushe."

Huyo ndiye Mama Kulwa, ambaye ninyi wasomaji wapya wa kituo mmemkuta akiwa mpole. Alikuwa daktari, lakini wa nyota. Alifundisha vyuo vya ng'ambo miaka mingi, kisha akarudi kwenye nyumba ya marehemu baba yake, aliyekuwa mnunuzi wa pamba, akaifanya kituo cha kusoma eksirei zinazotoka angani. Kibao cha nje kilisema hivyo hivyo, kwa hiyo mara kwa mara alikuja mtu na mkono uliovunjika. Mama Kulwa aliwapa maji ya kunywa, akawaelekeza hospitali, akarudi kwenye kazi yake.

Tulipomaliza kushusha mizigo alitupa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Dereva akaondoka. Mimi nikabaki nikitafuna, kwa sababu sikuwa na haraka ya kufika popote.

"Umefika kidato cha ngapi?" akaniuliza.

"Cha nne, Mama."

"Hisabati ulipata nini?"

"Sikuipata, Mama. Yenyewe ndiyo ilinipata."

Hakucheka. Alinipa karatasi yenye mstari mmoja mrefu unaopanda na kushuka, kama milima iliyochorwa na mtu mwenye homa. "Kuna mapigo humo? Kitu kinachojirudia?"

Nikaitazama kwa makini ya mtu ambaye hajaelewa swali. "Ipo dalili, Mama."

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha. Kisha nikamwonyesha nyingine. Nilipofika mwisho wa karatasi nilikuwa nimeona dalili kila mahali isipokuwa pembeni, na pembeni napo nilikuwa na mashaka.

"Mchoro huu nimeutengeneza mwenyewe kwa kompyuta leo asubuhi," akasema. "Hauna kitu. Ni kelele tupu. Sijawahi kupata mtu aliyeona vitu vingi hivi mahali pasipo na kitu."

Nikainuka kutafuta begi langu.

"Unakwenda wapi? Kesho saa mbili uwe hapa. Mtu wa namna yako namhitaji."

Nililala nimejaa furaha, nikiamini nimesifiwa. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anayetafiti malaria anahitaji mbu, na mbu mwenyewe ndiye mimi.

Kwa kuwa baadhi yenu mmeingia juzi na mnaona aibu kuuliza, nawaandikia kazi kama nilivyoielewa mimi. Katikati ya galaksi nyingi kuna shimo jeusi kubwa mno. Gesi inayolizunguka ikikaribia kumezwa hupata joto kali hadi inatoa eksirei, na setilaiti zilizoko juu huzihesabu. Hesabu ikichorwa kwa kufuata muda, unapata ule mstari. Mara nyingi mstari hupanda na kushuka ovyo. Lakini mara chache sana hupanda na kushuka kwa mapigo yanayokaribia kuwa na mpangilio. Yanakaribia tu, hayafiki. Waliotoka machimboni wanalijua karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Mkanda wake ukilegea, mlio wake huwezi kuuwekea saa, ila ukiwa umelala chumba cha pili unajua kabisa kwamba linafanya kazi. Hayo ndiyo tuliyokuwa tukiyatafuta, kwenye mwanga ulioondoka kwao kabla duniani hapajawa na mtu wa kuutafuta.

Shida ni kwamba kelele nazo zina mawimbi. Mama Kulwa aliziita kelele nyekundu, na alitupeleka sisi wasomaji wake sokoni Nyasubi, kule Kahama, kutufundisha. Alitusimamisha kati ya wauza nyanya na wauza mitumba, akatuamuru tufumbe macho. Kweli, makelele ya soko yalipanda, yakashuka, yakapanda tena, hadi ungeapa kuna mtu anayeyaongoza.

"Nani anaongoza?" akauliza.

"Hakuna, Mama."

"Basi mkirudi kwenye karatasi zenu kumbukeni Nyasubi."

Nilikumbuka Nyasubi kwa siku kadhaa, kisha nikasahau. Nilikuwa na ugonjwa wa zamani, na huu lazima niueleze, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalitoka humo. Kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, mwenye duara hukaa juu. Ndiye anayewalisha walioko chini. Jioni mkipanda anauliza, "Vipi?" Hakuna mchimbaji duniani anayejibu, "Hakuna kitu, mzee." Unajibu, "Dalili zipo. Mwamba umeanza kulainika." Si uongo hasa. Ni adabu. Mtu ameuza ng'ombe wake kwa ajili ya shimo, wewe ni nani umwambie habari mbaya akiwa ameshika sahani yako ya ugali? Mimi nilikuwa bingwa wa dalili. Niliwahi kuitwa kutoka duara la jirani kwenda kumpa moyo mwenye duara wao.

Tulikuwa wasomaji watatu. Limbu alikuwa mtu mkubwa wa Maswa aliyepima pamba mizanini kwa miaka mingi, na kwa sababu wakulima walimzomea kila siku, alikuwa hasemi kitu asichokuwa na hakika nacho. Tabu alikuwa fundi cherehani wa Nyasubi, mjane mwenye watoto shuleni na ulimi mwepesi kuliko sindano yake. Kompyuta ilichagua michoro yenye mashaka, na macho yetu yalikuwa ya kuitupa ile iliyoharibiwa na hitilafu za chombo. Kila karatasi tulisema kama ina mapigo, kwa neno moja: ndiyo, hapana, au sijui.

Neno la tatu lilinishinda. Shuleni tulifundishwa kwamba mtihani hauachwi wazi, usipojua unabahatisha. Limbu aliandika "sijui" hadi kalamu yake ikazoea. Mimi niliandika "ndiyo."

Ndani ya kila rundo Mama Kulwa alichanganya karatasi za bandia, za kelele tupu, tusizozijua. Aliyedanganyika na bandia alipika chai ya kituo kizima hadi mwingine adanganyike. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mpishi wa chai mwenye meza ya elimu ya anga.

"Leo tangawizi imezidi," Tabu alikuwa akiniambia. "Au umeona dalili kwamba imepungua?"

Vifaa vyangu vilikuwa rula, penseli na bikari ya mkebe wa hisabati, uleule wa shuleni, ambao sasa hatimaye niliutumia kwa hisabati. Unaweka ncha moja ya bikari kwenye kilele, nyingine kwenye kilele kinachofuata, kisha unatembea nayo hadi mwisho wa mstari. Ikiendelea kukanyaga vilele au karibu yake, kuna habari. Tabu alitumia futi ya kitambaa. Limbu alitumia macho tu, akitazama kwa mbali, kichwa kimeinama upande, kama anayesoma mizani ya mtu asiyemwamini.

Siku moja nilipata mapigo safi kuliko yote yaliyowahi kuonekana kituoni. Yalikuwa sawasawa, hayakosei hata kidogo. Kabla sijamwambia Mama Kulwa nilikuwa nimeshampigia dada yangu Masumbwe kumwambia huenda nikatajwa redioni. Limbu akaja, akainamisha kichwa.

"Hayakosei?" akauliza.

"Hayakosei hata chembe!"

"Mm. Kitu cha Mungu kinakosea kidogo. Hiki ni cha watu."

Alikuwa sahihi. Ilikuwa ni setilaiti yenyewe, kila inapozunguka inaingia kwenye kivuli cha dunia na kutoka. Nilikuwa nimegundua kwamba dunia ni ya mviringo. Dada yangu hadi leo anauliza ile habari ya redio iliishia wapi, nami hadi leo namwambia wanahariri.

Sasa nije kwa Mabaka. Galaksi zetu zina majina ya namba ndefu zisizokaa kichwani, kwa hiyo tulizipa majina kama ya ng'ombe: Kidoti, Mkia Mfupi, Mabaka. Kwa hiyo pia tulizisema kama ng'ombe, "huyu" na "yule," na wageni walidhani tunafuga.

Mabaka alikuwa wa Mama Kulwa. Akiwa bado kijana huko ng'ambo, aliuona mwanga wake ukiongezeka na kufifia kila baada ya saa moja hivi, mapigo machache mfululizo, kisha setilaiti ikageuziwa kwingine. Akaandika, akatangaza, akajulikana. Wenzake wengine walikataa. Walisema mapigo machache ni machache mno, kelele nyekundu zinaweza kufanya hivyo zenyewe. Alibishana nao hadi nywele zikawa nyeupe. Yote aliyotufundisha kuhusu kudanganyika alijifunza akiwa anajaribu kuthibitisha kwamba yeye hakudanganyika.

Kisha, baada ya maombi mengi, setilaiti ikaelekezwa tena kwa Mabaka, mara hii kwa muda mrefu wa kutosha. Takwimu zilipofika Mama Kulwa alituita barazani.

"Nawaambieni mapema ili asije mtu kushangaa," alisema. "Mapigo yakiwapo, nimeshinda, na wafadhili wataendelea kutulipia viti hivi vyote. Yasipokuwapo, kwamba niliyaona zamani kweli au la, sitaweza tena kujua. Dai langu nitaliondoa mwenyewe, hadharani. Na fedha za Mabaka zitakwisha."

"Na sisi?" Tabu akauliza.

"Kituo kitabaki na kazi ndogo nyingine. Yenye viti viwili."

Tukatazama viti vyetu. Vilikuwa vitatu, na kimoja nilisafiri nacho kutoka Manyoni.

Akatugawia marundo. Ndani yake kulikuwa na vipande vya Mabaka mpya pamoja na bandia nyingi zilizotengenezwa kwa kelele za namna ileile yake. Kompyuta nayo ilifanya hesabu yake, lakini Mama Kulwa alikuwa na utaratibu kwamba jibu la mashine halifunguliwi kabla ya macho kumaliza, ili macho yasimfuate bosi. Aliifikiria hatari ya mashine kuwa bosi. Hakufikiria kwamba bosi alikuwa yeye.

Maana tulimtambua Mabaka mara moja. Alikuwa na tabia yake: anapanda taratibu kama mzee anayeinuka kwenye kigoda, kisha anaporomoka ghafla. Tuliona tabia hiyo kwenye karatasi nyingi, na kila tulipoiona tuliwaza miaka ya yule mama. Hatukuulizana kitu. Nasema kweli, hatukupanga. Kila mmoja kwenye kona yake aliandika "ndiyo." Hata Limbu, mtu wa "sijui," niliona mkono wake ukienda kwa herufi ya N. Tulirudisha marundo tukiwa na furaha kama watu waliochangia harusi.

Kesho yake asubuhi aliita kila mtu kwenye meza kubwa.

"Mwangaluka," Limbu akamsalimia kwa Kisukuma, kwa sauti ya kuomba amani.

"Mwangaluka. Limbu, karatasi hii umesema nini?"

"Ndiyo, Mama."

"Bandia. Tabu, hii?"

"Nimesema ndiyo."

"Bandia. Na wewe bwana dalili, sikuulizi. Mmeikubali ya Mabaka mwenyewe, na za bandia zinazofanana naye mmezikubali zote. Zote! Mmeona mapigo kwenye kelele nilizotengeneza kwa mikono yangu." Akaketi. "Mnanihurumia?"

Ndege ilikuwa inatua, tukashukuru kwa mlio wake. Ukaisha.

"Mama," Tabu akasema, "umengoja miaka yote hiyo. Sisi tungekuambiaje?"

"Kwa mdomo."

"Mdomo gani huo, Mama? Wangu huu uliokula chakula chako?"

Nikaona niokoe jahazi, nikaanza kueleza habari za maduara: kwamba mwenye duara haambiwi hakuna kitu, kwamba ni adabu tu, kwamba sisi tuliotoka Geita tumelelewa hivyo.

Mama Kulwa alinisikiliza hadi mwisho. "Na huyo mwenye duara wako, alipata dhahabu?"

"Bado anachimba, Mama."

Limbu alicheka kwanza, kisha Tabu, kisha yeye mwenyewe, akifuta macho kwa ncha ya kitenge. Sikuwa na uhakika macho yale yanafutwa kwa sababu ya kicheko tu. Alipotulia akasema, "Mimi nachimba tangu nikiwa na umri wa binti yako, Tabu. Hamnitendei wema kunishushia ugali shimoni. Nataka kujua nipande au nisipande."

Akaifanyia michoro kitu ambacho ninyi mnakifanya kila siku bila kujua kilianzia wapi hapa kituoni. Aliigeuza yote. Vilele vikawa mabonde, mabonde yakawa vilele. Kama kuna mapigo, yanabaki hata ukiyageuza. Lakini ile sura iliyotufanya tumhurumie ilipotea. Akachanganya na bandia nyingine, nazo zimegeuzwa, na za galaksi nyingine kadhaa. Akatukalisha vyumba tofauti.

Ilifanya kazi kwa Limbu na kwa Tabu. Kwangu haikufanya kazi. Utotoni nilichunga ng'ombe wa babu, na aliyechunga anamjua ng'ombe wake hata akimwona matako tu ndani ya vumbi. Nilifungua karatasi moja, nikaona mstari unaopanda ghafla na kushuka taratibu kama mzee anayerudi kukaa, lakini pia kuna kijipengo karibu na ukingo ambacho nilikuwa nimekitazama kwenye Mabaka mpya hadi nikakiota. Bandia hazikuwa nacho. Nikajua: huyu ndiye, na amesimama kinyume.

Nikachukua bikari. Hatua ya kwanza ikakanyaga bonde, ambalo sasa ndilo kilele. Ya pili ikakanyaga. Ya tatu pia. Ya nne ikaangukia katikati ya mteremko. Nikaifungua bikari kidogo zaidi, nikaanza upya. Sikilizeni, ninyi mliokalia viti vyetu: hapo ndipo mambo yote huharibikia, kwenye kuifungua bikari kidogo zaidi. Niliifungua, nikaifunga, nikaanzia mwanzo, nikaanzia katikati, nikamwanzia mwishoni. Kila mara alinipa mapigo mawili matatu, kisha akatawanyika kama soko la Nyasubi.

Nilikaa pale nikiwa nimeshika penseli. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na hakika ya kitu, na sikukitaka. Nikiandika "ndiyo," viti vitatu vinabaki, mama wa watu anakufa akiwa ameshinda. Na nani angejua? Mimi ndiye niliyejulikana kwa kuona visivyokuwapo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu rasmi.

Niliandika "hapana," nikatoka nje haraka kabla mkono haujabadili mawazo.

Alikuwa barazani akichambua mchicha.

"Mama, yangu itupe. Nimemtambua Mabaka. Ile yenye kijipengo pembeni."

Akaacha mchicha. "Hata nilivyomgeuza?"

"Hata hivyo. Sikutaka, nimemjua tu."

"Ulipomjua, ulitaka kuandika nini?"

"Ndiyo."

"Ukaandika nini?"

"Hapana, Mama. Hana mapigo. Nimemtafuta kila namna. Hana."

Alinitazama kama anayetazama karatasi. "Kwa utaratibu wetu yako haihesabiwi," akasema.

"Najua, Mama. Ndiyo maana nimekuja."

"Haihesabiwi. Lakini nimeisikia." Akarudi kwenye mchicha, akauchambua hadi ukaisha, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitupa majani mazuri na kubakiza mabaya.

Jioni ile alifungua za wengine. Limbu aliandika "hapana." Tabu aliandika "sijui." Jibu la mashine lilisema yaleyale kwa namba: kinachoonekana hakizidi kile ambacho kelele zinaweza kufanya zenyewe. Tabu alilia waziwazi. Limbu alitoka nje akaenda kuosha gari ambalo halikuwa chafu. Mimi nilisimama karibu na mlango, kama kawaida yangu.

Mama Kulwa hakulia. Alituambia tena, taratibu, kama anayefundisha wageni, kwamba mapigo ya namna hii hata yakiwa ya kweli huja na kupotea, na kwamba pengine alikuwa sahihi ujanani. "Lakini pengine si dai," akasema. "Pengine ni pengine tu."

Mambo ya viti yaliniangukia mimi, na naomba msinipe sifa nisizostahili. Tabu alikuwa na watoto shuleni. Limbu alikuwa na macho yasiyohurumia mtu. Mimi nilikuwa na miguu inayowasha. Hapa ndipo mahali nilipokaa muda mrefu kuliko pote, na tayari nilikuwa nimeanza kupakumbuka nikiwa bado hapohapo. Nikamwambia Mama Kulwa nastaafu. Akaniuliza mtu wa miaka arobaini na kitu anastaafuje. Nikamwambia wachezaji wa mpira hufanya hivyo. Akaniuliza kama nimewahi kumwona mchezaji mwenye kitambi kama changu.

Alinizuia hadi siku ya kikao. Kilikuwa kikao cha mtandaoni cha wataalamu wa nchi nyingi, na ndiko alikopanga kuliondoa dai lake. Alitaka wasomaji wake wote wakae pembeni yake waonekane. Limbu aliniazima koti. Kwa sehemu iliyoingia kwenye kamera nilikuwa mkurugenzi, na chini ya meza nilikuwa na kandambili na begi langu limeshafungwa.

Alizungumza kwa Kiingereza, na mimi nilishika maneno machache machache tu, kama mtu anayesikiliza mahubiri akiwa nje ya kanisa. Nilielewa alipotutaja, maana nyuso zote kwenye kioo zilihamia kwetu, Tabu akapunga mkono. Nilielewa alipofika kwenye jambo lenyewe, kwa sababu sauti yake ilikatika katikati ya sentensi, akanywa maji, akaianza upya. Mzee mmoja aliyempinga tangu zamani, ambaye tulimjua kwa picha tu na tulimchukia kwa uaminifu, alivua miwani yake akaiweka mezani. Hakuna aliyepiga makofi. Walimshukuru mmoja baada ya mwingine, na kioo kikawa cheusi.

Mama Kulwa aliendelea kukaa akikitazama. Kisha akanigeukia mimi, si Limbu wala Tabu.

"Nilionekanaje?"

Nyuma yake Tabu alikuwa ananikodolea macho na kutikisa kichwa, midomo yake ikiniambia bila sauti: sema vizuri, sema vizuri.

"Ulionekana umechoka, Mama," nikasema. "Na pale katikati sauti ilikukatika. Walisikia wote."

"Walisikia?"

"Ndiyo, Mama. Wote."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyeshushiwa ndoo. "Nilijua," akasema. "Nilitaka tu kuisikia kwa mtu." Akanyoosha mkono, nikaupokea kwa mikono yangu miwili. "Haya, nenda. Gari la Kahama litakuacha. Na safari hii usilale."

Nikamrudishia Limbu koti lake, nikabeba begi. Tabu alinisindikiza hadi barabarani, na njia nzima alininung'unikia kwamba sina adabu hata kidogo, kwamba mwanamume mzima anashindwa kumpa mama wa watu neno moja zuri siku kama ile. Nimeondoka sehemu nyingi katika maisha yangu. Sikumbuki nyingine niliyoondoka nikiwa nimesifiwa hivyo.